Dabi ya Kadi Mbili, Ngamiani

Kadi za grafiki, zile zinazochora picha za kompyuta, za NVIDIA zinajulikana kwa rangi ya kijani, za AMD kwa nyekundu. Huko kwao ni matangazo tu. Zikifika Tanzania tayari ni Yanga na Simba, na zikiwa mikononi mwa mashemeji wawili, hiyo ni kesi.

Mashemeji wenyewe walinijia kwenye banda la gemu, Ngamiani, hapa Tanga, Jumamosi baada ya alasiri. Yanga kakumbatia GTX 1060, Simba kabeba RX 580 ndani ya mfuko wa rambo. Zote zimetumika, zote zimenunuliwa kwa mtu asiyejulikana, na kigezo cha kuchagua kilikuwa rangi. Dau lao ni kuku mzima na chipsi za kutosha watazamaji wote, atakayeshindwa analipa. Refa nikateuliwa mimi.

"Mgosi," nikamwambia Yanga, "kwanza tufungue programu ya GPU-Z tuone kilichomo ndani ya hizi kadi."

"Hatukuja kupima damu. Weka gemu."

Simba akaitikia kwamba hapo shemeji yake kasema kweli.

Kwa maandishi, mechi ilikuwa ya haki. GTX 1060 ya GB 6 ilitoka Julai 2016: viini 1280 (vitengo vidogo vya kuhesabu), njia ya kumbukumbu ya biti 192, wati 120. RX 580 ilitoka Aprili 2017: viini 2304, GB 8, njia ya biti 256, wati 185. Nikawaonya kwamba viini vya kampuni moja havihesabiwi dhidi ya vya nyingine, maana havikujengwa sawa. Simba akasema refa kashapewa chochote.

Raundi ya kwanza wakataka gemu la mpira, na mipangilio isiguswe. Kijani ikaandika fremu 60 kwa sekunde. Nikaingia Safe Mode, nikaifuta draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, kwa kifutio kiitwacho DDU (mabaki ya draiva ya kampuni moja huweza kuivuruga kadi ya nyingine), nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabadilisha kadi. Nyekundu: 60. Banda zima likapiga makofi, sare!

Sare gani? Runinga yangu huonyesha picha 60 kwa sekunde, na V-Sync ilikuwa imewashwa, kwa hiyo kadi inaisubiri runinga. Hata ungeweka kadi yenye nguvu mara tatu, ingeandika 60 hiyohiyo. Ili kupima lazima V-Sync izimwe ndani ya gemu na ndani ya draiva pia, halafu uchague kitu kizito ambacho kila kadi itakirudia vilevile, bila kutegemea nani kakimbia upande gani wa uwanja.

Nikaweka Unigine Heaven, programu ya kupimia kadi, 1920 kwa 1080, ubora wa juu. Ukibonyeza F9 inapita mandhari 26 yenyewe: kisiwa kinaelea angani, merikebu ya angani, na sanamu la joka. Muuza chipsi akauliza mbona hakuna aliyeshika pedi. Kijani ikamaliza salama.

Nyekundu ikaanza vizuri. Ilipofika kwenye joka, pwaa, mashine ikazima. Nikawasha, nikarudia. Joka, pwaa. Yanga kashasimama juu ya benchi anaimba, na kuku kashaagizwa.

Simba hakuimba. Akaomba kasha la mashine lifunguliwe. Chini ya feni ya mbele alikuwemo mjusi, kakauka zamani, mkia kaukunja vizuri.

"Refa, hiki ni nini?"

"Mjusi, shemeji."

"Mjusi wa nani?"

Kijana mmoja mgeni kutoka Dar akasema kwa sauti, "Ndiyo maana wanauliza Tanga kunani!" Banda likachafuka. Yanga anaapa kwa jina la mama mkwe, ambaye ni wa wote wawili, Simba anataka mjusi ahifadhiwe kwenye bahasha kama ushahidi.

Mchawi alikuwa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Mashine waliileta wenyewe, na ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi za kusomeka toka barabarani. Hiyo usiisome. Soma jedwali dogo, mstari wa +12V, ndio unaolisha kadi na prosesa: ampea 16. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Prosesa yao inakula 65. Kijani na 120 yake inafika 185, inapita kwa kubana pumzi. Nyekundu na 185 yake inafika 250, na joka ndipo mzigo unapokuwa mkubwa, basi pawa saplai inajiokoa kwa kukata. Juu ya hapo, plagi ya pini 8, inayotakiwa kubeba hadi wati 150, Simba aliiunganisha kwa adapta ya Molex yenye waya mwembamba kama tambi. Nilipoushika ulikuwa wa moto.

Nikaazima pawa saplai ya jirani wa studio ya picha: wati 550, ampea 45 kwenye 12V, plagi za pini 6 na 8 zake zenyewe. Safari hii nikapima kwa utaratibu. Dakika 10 za kupasha moto kwanza, maana kadi ya baridi hudanganya na joto la Tanga halina huruma; kisha raundi tatu kwa kila kadi, ya kwanza naitupa.

Kijani ikaongoza kwa fremu chache. Nikaeleza kwamba Heaven hukatakata maumbo kupita kiasi, kazi ambayo kadi za NVIDIA za enzi hizo ziliiweza zaidi, kwa hiyo hii siyo hukumu ya kila gemu.

"Siyo hukumu!" akadakia Simba. "Sasa na ipimwe hiyo damu."

GPU-Z ikasoma nyekundu: viini 2048. Ni lile toleo lililotolewa kwa soko la China mwaka 2018, jina RX 580, viini vya RX 570, mdogo wake. Yanga alicheka mpaka akashika nguzo. Nikaweka yake. Viini 1152, kumbukumbu MB 3072. Stika ya GB 6 ilibandikwa na mtu mwenye stika. Hiyo ni GTX 1060 ya GB 3.

Kimya kikakaa kidogo, kisha mechi ikahamia kwenye nani kapunjwa kidogo. Yanga: "Mimi viini 128, moja ya kumi. Wewe 256, moja ya tisa!" Simba: "Na kumbukumbu je? Mwenzio GB 8 zangu zote zimo!"

Muuza chipsi, sahani zimeshaliwa na bili iko mkononi, akaamua. "Aliyepunjwa kidogo ndiye mwenye nafuu. Basi alipe yeye."

"Mimi nimeibiwa nusu ya kumbukumbu!" Yanga akapiga kelele papo hapo. "Nusu, mgosi!"

"Viini 256," Simba akamjibu, sauti ya msibani, "na mjusi juu yake."