Spice World Bado Inanichekesha, na Si Kwa Bahati

Filamu ya Spice World ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi za Uingereza tarehe 26 Desemba 1997, na wahakiki wakaiponda vibaya sana. Roger Ebert, mhakiki mkubwa wa Chicago, aliipa nusu nyota. Waigizaji wake wakuu, wale mabinti watano wa kundi la muziki la Uingereza, Spice Girls, walipewa kwa pamoja tuzo ya Razzie ya mwigizaji mbaya zaidi wa kike. Nayaweka haya mbele ili yasije yakatumika kunipinga baadaye. Nayajua yote, na bado nasema ni filamu nzuri, na miaka inavyokwenda ndivyo inavyozidi kunoga.

Kwetu Moshi ilifika kwa mkanda wa deki, mkanda uliorudufiwa kutoka kwenye mkanda mwingine, picha ikiwa na michirizi na sauti ikipanda na kushuka. Televisheni ilikuwa bado jambo jipya Tanzania Bara, na nyumba yenye deki ilijaa watoto wa mtaa mzima. Filamu za Kihindi na za mapigano tulikuwa na Lufufu wa kututafsiria, akitia na chumvi zake. Hii tuliitazama kavukavu, kwa Kiingereza cha kasi ambacho nusu yake kilitupita. Tulicheka hata hivyo. Hilo peke yake linatosha kunionyesha kwamba kichekesho chake hakikukaa kwenye maneno tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kundi lina siku chache kabla ya onyesho kubwa kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London. Meneja wao, Clifford, anawabana kwa ratiba. Mwenye gazeti anataka kuwaharibia jina na anamtuma mpiga picha awanyemelee. Mtengeneza filamu anawafuata na kamera yake, na pembeni yuko jamaa wa Hollywood anayemletea Clifford wazo moja la filamu baada ya jingine, yote ya ajabu. Juu ya vyote hivyo kuna basi la ghorofa lililopakwa bendera ya Uingereza, na ndani yake kila msichana ana kona yake, mmoja hata ana bembea. Ukitafuta hadithi iliyosukwa vizuri, humu hutaipata, wala sioni haja ya kubishana juu ya hilo.

Ninachokipata humu ni urafiki. Watano hawa hawakuwa waigizaji, na mwongozaji Bob Spiers, aliyekomaa katika vichekesho vya televisheni, hakuwalazimisha wajifanye waigizaji. Aliwaacha wakatizane, waparamiane, wacheke mahali ambapo mwigizaji aliyesomea angejizuia. Utaona mmoja anasema mstari wake huku macho yake yako kwa mwenzake, akisubiri kuona kama atacheka. Mambo hayo hayafundishwi. Nimetazama filamu nyingi zenye waigizaji hodari waliopewa nafasi za marafiki wa kufa na kuzikana, na bado unahisi kabisa kwamba kamera ikizimwa kila mtu anaelekea kwenye gari lake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kupiga picha, wanapovaliana nguo na kila mmoja kumwigiza mwenzake. Magazeti yalikuwa yameshawagawia majina: huyu mtoto, huyu wa kutisha, huyu wa michezo, huyu wa kifahari, huyu wa tangawizi. Majina hayo ndiyo yaliyouza kaseti, mabango na midoli duniani kote. Na wao wanayachukua na kuyageuza mchezo mbele yetu, wakionyesha kwamba wanajua vizuri kabisa wanavyotazamwa. Mtu anayeweza kujicheka kwa upendo namna hiyo, akiwa kileleni mwa umaarufu, amenipata. Wahakiki waliolalamika kwamba wasichana hawa wanajiigiza wenyewe sijui walitaka waigize nani.

Halafu kuna rafiki yao Nicola, mjamzito ambaye mwenzake amemkimbia. Onyesho likiwa limekaribia uchungu unamshika, nao wanakwenda naye hospitali na kubaki mpaka mtoto anazaliwa, huku Clifford akikaribia kuchanganyikiwa. Kwetu Uchagani hili halihitaji maelezo. Mwenzako akishikwa na uchungu huendi popote, hata kama ukumbi umejaa. Ndipo wanapokimbizana na saa, Victoria, mmoja wa watano, akiwa ameshika usukani, na basi linaruka juu ya daraja la Tower Bridge. Basi lenyewe wakati linaruka ni la kuchezea, na linaonekana wazi kwamba ni la kuchezea, na waliotengeneza walitaka lionekane hivyo. Nilipokuwa mtoto nilishangilia. Sasa nashangilia zaidi, kwa sababu naona ujasiri wa mtu anayemwambia mtazamaji: tucheze wote.

Kuna utani ulionipita kwa miaka mingi. Filamu imejaa sura maarufu za Uingereza, kina Stephen Fry, Hugh Laurie na Jennifer Saunders, ambao mtaani kwetu hawakumaanisha chochote. Roger Moore tulimjua, maana mikanda ya James Bond ilizagaa kila mahali, na kumwona amekaa akimpapasa paka kama yule adui wake wa zamani kulituvunja mbavu. Wageni kutoka sayari nyingine wanaoshuka porini usiku kutaka saini na tiketi za onyesho nao hawakuhitaji tafsiri.

Lazima niseme pia habari ya Mel B, mmoja wa wale watano. Baba yake alitoka visiwa vya Saint Kitts na Nevis, na nywele zake alizibeba vilevile, kubwa, zimefumuka pande zote. Sisi tulikuwa wasichana tuliokwenda shule tumenyolewa, na mabango ya saluni mjini yalituonyesha nywele zilizolazwa kwa dawa. Tulipogawana majina uwanjani, nani awe nani, yeye ndiye aliyegombaniwa. Sikumbuki kama kulikuwa na msichana mwingine wa muziki wa Ulaya aliyewahi kugombaniwa namna hiyo pale kwetu.

Filamu hii ina babu yake. Mwaka 1964 Richard Lester aliwaweka Beatles kwenye A Hard Day's Night kwa mpango karibu uleule: kundi, mashabiki wanaowakimbiza, meneja mwenye wasiwasi, na onyesho linalosubiri. Ile ilitajwa kuwania tuzo mbili za Oscar na inafundishwa vyuoni. Ni filamu bora kwa ufundi, sina ubishi. Ila zote mbili zinaishi kwa kitu kilekile, vijana waliopendana wakanaswa kabla mambo hayajabadilika.

Na yalibadilika haraka. Novemba 1997, kabla hata filamu haijatoka, mabinti walimfukuza meneja wao wa kweli, Simon Fuller, ambaye ndugu yake Kim Fuller ndiye aliyeandika filamu. Yaani unamtazama Clifford akikimbizana nao huku unajua kilichotokea nje ya kamera. Mei 1998 Geri Halliwell, mmoja wa watano, akaondoka kwenye kundi. Filamu ilikuwa na miezi mitano tu tangu itoke. Wangechelewa mwaka mmoja tu, kusingekuwa na filamu ya watano, na leo tungebaki na nyimbo na picha za magazeti.

Hapo ndipo fikra zangu hurudi Arusha, ninakoishi sasa. Mji huu umetoa makundi kuliko ukubwa wake. X Plastaz walichanganya rap na sauti ya Kimasai na kuipeleka Ulaya, kisha mwaka 2006 Faza Nelly akafariki. Baadaye wakaja Weusi: Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na wenzao, watu wenye maneno, wenye matani, kila mmoja na mwendo wake. Mwaka 2021 Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Nampongeza kwa moyo wote. Lakini mkuu wa wilaya hawezi tena kuning'inia mlangoni mwa daladala akimtania konda mbele ya kamera. Nyimbo zao ninazo. Dakika tisini za kuwaona wakipoteza funguo za gari, wakibishana nani alipe chipsi na kucheka mpaka wakashindwa kuimba, hizo sinazo, na naumia.

Hata gharama ya filamu kama hiyo isingekuwa kubwa. Wape Kosta moja kutoka Moshi asubuhi, onyesho liwe jioni uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Boma Ng'ombe pancha. Kikatiti trafiki mwenye binti shabiki. Usa River mama wa ndizi anayedai mmoja wao ni mwanawe wa ubatizo, na hawaruhusiwi kuondoka bila kula. Tengeru siku ya soko, gari halisogei, nao wanashuka na vyombo vyao kichwani. Mwandishi wa vichekesho anayejua njia hiyo anamaliza mswada ndani ya mwezi. Vijana wanaoimba pamoja sasa hivi wapo Ngarenaro, wapo Unga Limited, wapo Majengo kule Moshi, na bado wanapanda gari moja kwenda kwenye shoo. Waanze na hao, na waanze mwaka huu.