Maharagwe yasiyo na mwenyewe

Sokoni Virunga, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, lori la maharagwe kutoka Masisi likishusha magunia, watoto wa mitaani, tunaowaita maibobo, hujipanga karibu na magurudumu. Punje zikidondoka wanaziokota pamoja na mchanga wake, wanazipepeta kwa kofia. Ukiuliza kama si wizi, jibu ni cheko: "Imeanguka, haina mwenyewe." Akitokea mmoja wa kutoboa gunia kwa waya, wenzake wenyewe watasema ameiba. Ila naye ana neno lake: mwenye mzigo ni tajiri, hatasikia hasara.

Mwaka 1957 wanasosholojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika kwamba kijana mhalifu kwa kawaida anazijua sana kanuni za jamii, na ndiyo maana anahitaji visingizio ili azivunje. Wachuuzi wa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, wangekubali bila kusoma ukurasa hata mmoja. Na wana haki: mama aliyeibiwa nyanya analala na hasara yake, njaa ya mwizi haimjazii beseni. Mimi mwenyewe, kisingizio cha gundi siwezi kukikubali. Maibobo wanaoinusa wanasema inafukuza baridi. Iite dawa, inaharibu ubongo vilevile.

Lakini lugha hii ya visingizio watoto wameitoa wapi? Mtu mzima akitoa hongo anasema kwa Kilingala "madesu ya bana", maharagwe ya watoto. (Watoto gani, sijui.) Kifungu cha 15, kile cha mzaha kinachosema jitafutie, kila Mkongomani anakijua kwa moyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, inayompa mtoto aliyetupwa au anayeombaomba ulinzi wa pekee, ni wangapi wanaoijua? Kifungu chake cha 160 kinamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na wapo walioingia barabarani kwa tuhuma hiyohiyo, kutoka kinywa cha mjomba au mama wa kambo. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia amevunja desturi, atakuuliza nani alianza. Si kisingizio hicho, ni swali, na bado sijaona mkubwa akilijibu bila kukunja uso.

Jioni maharagwe yale huuzwa kwa kopo kwa mama wa malewa, mgahawa wa barabarani. Yaliyookotwa na yaliyotobolewa yanaingia sufuria moja. Mama haulizi. Nami nikiketi pale na sahani yangu, siulizi.