Shemeji Karudisha Chensoo

Ukiona mtu karudisha chensoo, yaani msumeno wa cheni wa petroli, usiku, kaiegemeza ukutani taratibu na kuondoka bila hata kupiga hodi, usijisumbue kuvuta kamba, huo tayari ni msiba. Mimi leo asubuhi nimevuta. Nimevuta mpaka bega likalia, na kamba yenyewe inakuja laini laini haina ubishi wowote, na wanaozijua hizi mashine wanajua kamba ikishakuwa na adabu kiasi hicho basi kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda, imeshaaga.

Sasa mimi sio mtu wa kukurupuka. Mtu mzima unatafuta ushahidi kwanza. Nikavuta kigoda, nikafungua ekzosi, nikamulika tochi kwenye lile tundu. Pistoni yangu jamani! Upande wa ekzosi wote umechubuka mistari ya wima, juu mpaka chini, ringi imeganda kwenye mfereji wake, ukiibonyeza na kijiti wala haichezi. Na hii chensoo nimeifufua mwenyewe, ya zamani ile ambayo bado ina platini, ile swichi ya kutoa cheche, chini ya gurudumu la sumaku, nimeisugua ile platini kwa msasa laini, nimebadilisha kiwambo cha kabureta kilichokuwa kimekauka kinalia kaka kaka, mpira wa petroli uliopasuka nikautoa nikaweka mwingine, yaani ilikuwa inawaka hata ukiiangalia vibaya.

Nikaagiza shemeji aitwe. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, na dada yake alikuwa dirishani anakunja nguo kimya, na ule ukimya naujua, kwa hiyo kila sentensi ilibidi ibebe neno shemeji.

"Shemeji karibu, hii mashine ilikuendea vipi?"

"Vizuri sana shemeji, nimeirudisha nzima kabisa."

"Haiwaki shemeji."

"Itakuwa imechoka tu."

"Shemeji, oili uliweka?"

"Niliweka! Nilijaza mpaka ikamwagika."

"Uliweka wapi?"

Akanionyesha tanki la mbele. Nikavuta pumzi. Nikamwambia shemeji, hiyo ni oili ya cheni, inakwenda kwenye ule upanga, mimi naulizia ya kwenye petroli. Akaniangalia kwa huruma kabisa, huruma ya mtu anayeona mwenzake ameanza kuzeeka.

"Shemeji, petroli unaichanganyaje na oili? Si unaichafua? Mimi niliweka safi."

Safi! Nikamweleza polepole kwamba injini hizi hazina sehemu ya kuweka oili yake peke yake, oili inasafiri ndani ya petroli, ndiyo inayolainisha pistoni na beringi, mashine nyingi za siku hizi ni 50 kwa 1 yaani mililita 20 kwa lita, hili zee langu linataka 25 kwa 1, mililita 40, na ndio maana nimeandika kwa rangi nyekundu kwenye kidumu, maandishi makubwa, 25:1. Hukuona shemeji?

"Niliona. Nikadhani ni matokeo ya mpira."

Dirishani kuna mtu akakohoa. Nikaendelea, na heshima zangu bado ninazo, nikamuuliza sasa ilizimaje. Ah, hapo akachangamka! Anasema kumbe bila oili ndio ina nguvu, ililia juu, sauti nyembamba nzuri, ikapanda, ikapanda, halafu ikajizima yenyewe ghafla. Akasema, "Nikajua imeona tumemaliza kazi."

"Mlikuwa mmemaliza?"

"Hapana."

Mti wenyewe aliokuwa anaukata, anasema, "umepumzika kidogo" juu ya mti mwingine. Yaani umenasa. Kisa chenyewe ni kwamba ule mdomo wa mbele, pengo la upande mti unakoangukia, alikata vizuri, nampa haki yake, halafu mkato wa nyuma akaupitisha wote mpaka ukatokea upande wa pili. Bawaba hakuacha! Ule ukuta wa mbao katikati ndio unaouongoza mti uelekee wapi, unaacha kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina, shina la sentimita 60 unaacha 6, ukiumaliza wote mti unajiamulia. Nikasema sawa, umenasa, watu wakae mbali. Shemeji akasema hamna shida, wamepanga nikifika niukate ule wa chini uliobeba mwenzake, yote ishuke pamoja.

Nikasimama. Sikupaza sauti. Nikapaza kidogo. Nikapaza. SHEMEJI, UNATAKA NIKASIMAME CHINI YA HUO MTI? Yaani nimwondoe aliyeubeba nikiwa hapo hapo chini? Ule unavutwa kwa winchi na mtu kasimama mbali kule, na kama winchi hamna unazungushia utepe unaita wenye vifaa! Naye kaniangalia kwa utulivu, "basi tulia shemeji, ilikuwa wazo tu."

Na hao wote waliokuwepo siku hiyo je? Kwa sababu mti mkubwa ukikatwa hakosekani mtu. Kuna anayesimama pale pale unapoelekea kuangukia, mikono nyuma, anakagua. Ukimwambia asogee angalau urefu wa miti miwili anasogea hatua mbili. Kuna yule anayekujazia matawi kwenye njia yako ya kukimbilia, ile ya mshazari kwenda nyuma uliyoisafisha mwenyewe. Kuna aliyekuja kudai kuni na mti bado umesimama. Na kuna fundi mmoja alinifungia cheni meno yakiangalia nyuma, akashangaa nusu saa kwa nini inatoa moshi badala ya maganda.

Zamani walikuwa na akili. Mwaka 1926 huko Ujerumani Andreas Stihl alitoa msumeno wa cheni wa umeme unaoshikwa na watu wawili, na ninaamini hakuna shemeji hata mmoja aliyekwenda kuuazima usiku.

Basi nimeamua kufungua injini yote. Klachi nati zake zinafunguka kwa kugeuza upande wa kukaza, mshale umechorwa pale, ila aliyejitolea kunisaidia alikwisha ning'inia kwenye spana upande usio wenyewe mpaka miguu ikaacha ardhi. Nikamshukuru. Nikaingiza kamba kwenye tundu la plagi ikazuia pistoni, klachi ikatoka. Silinda nayo nimeitazama, ina alumini ya pistoni imegandia ukutani, ila chromu ya chini naona imepona, ikisafishwa vizuri inapokea pistoni mpya. Raha ikaanza kurudi.

Halafu kuna kale kaklipu kanakoshika pini ya pistoni, kadogo kuliko kucha, kana springi. Nikakabinya na bisibisi, kakasema ting, kakapaa. Sasa hivi ninavyoandika nyumba nzima iko magotini, mke na sumaku ya spika, watoto na tochi, shemeji mwenyewe kajitolea kusimamia. Uwanja wote tumeupitia. Nilibaki na kuku tu, nimewapanga mstari nawatazama mmoja mmoja, na yupo mmoja hapa haniangalii usoni.