Nyuma ya Hisahito hakuna kijana mwingine

Septemba 6, 2025, siku aliyotimiza miaka 19, Mwanamfalme Hisahito wa Japani alivuliwa utepe mweusi wa utotoni akavishwa kanmuri, ile kofia nyeusi ya watu wazima wa kasri. Kamba nyeupe ikafungwa chini ya kidevu, ncha zake zikakatwa kwa mkasi. Kisha akaenda kubadili vazi, akarudi na joho jeusi. Kabla yake, mwanamume wa mwisho wa ukoo huo kufanyiwa hivyo alikuwa baba yake, Akishino, mdogo wa Mfalme Naruhito, mwaka 1985.

Wengi waliotazama walimfikiria mtu mwingine: Aiko, binti pekee wa Mfalme Naruhito, aliyezaliwa 2001. Sheria ya 1947 inasema kiti kitarithiwa na mwanamume wa kuumeni tu, kwa hiyo Aiko hamo. Katika kura ya maoni ya shirika la habari la Kyodo mwaka 2024, asilimia 90 ya waliohojiwa walikubali mwanamke atawale. Hapo ndipo mjadala ulipokwama kwa muda mrefu: Aiko au Hisahito, kana kwamba ni mechi. Anayetaka sheria ibadilike huambiwa anataka kumpokonya kijana haki yake. Nadhani lawama hiyo imekosea njia, maana sheria hii inamwelemea Hisahito kuliko mtu yeyote.

Tuwape kwanza watetezi wa sheria haki yao. Wanahesabu watawala 126, wote wa kuumeni. Wanawake 8 waliwahi kukalia kiti hicho, wa mwisho Go-Sakuramachi katika karne ya 18, lakini nao baba zao walikuwa wa ukoo huohuo, na hakuna aliyemwachia kiti mtoto wa ukoo mwingine. Kwao, mtoto wa Aiko na raia wa kawaida atakuwa wa ukoo wa baba yake, basi mnyororo umekatika. Aliyekulia katika jamii ya kuumeni anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Wana na hoja nyingine yenye uzito: kijana amelelewa tangu kuzaliwa akijua njia yake, na kumgeuzia kibao leo ni kumvunjia ahadi.

Lakini hesabu inawakataa. Mfalme Meiji alipata watoto 15, wote kwa masuria, mkewe hakujaaliwa. Kati ya hao, mtoto wa kiume aliyefika utu uzima ni mmoja tu, Taisho. Yaani hata enzi za masuria, urithi wa kuumeni uliponea chupuchupu. Kisha sheria ya 1947 ikataka mrithi azaliwe ndani ya ndoa. Haki kabisa, nani angetaka masuria warudi? Ila walipoondoa nguzo hiyo waliacha paa lilelile. Matokeo yakaonekana: baada ya Akishino kuzaliwa 1965, ukoo mzima ulipata wasichana 9 mfululizo. Tisa! Miaka 41 bila mvulana, hadi Hisahito alipozaliwa Septemba 2006.

Na tukumbuke alizaliwa wakati gani. Mwaka 2005 kamati iliyoundwa na Waziri Mkuu Koizumi ilipendekeza wanawake warithi. Februari 2006 ikatangazwa kuwa Kiko, mke wa Akishino, ni mjamzito, na muswada ukawekwa kando. Mtoto akageuzwa jibu la swali la taifa kabla hajafumbua macho.

Siku aliyovishwa kanmuri, ukoo ulikuwa na watu 16, wanaume wakiwa 5. Mbele yake kuna baba yake. Nyuma yake katika foleni yupo Hitachi peke yake, mdogo wa babu yake, aliyezaliwa 1935. Basi. Maana yake mwanamke mmoja ambaye bado hajulikani, atakayekubali kuolewa na Hisahito, ndiye atakayebeba mustakabali wa ukoo mzima tumboni mwake. Japani imeshaona jambo hilo linamfanyia nini mtu. Masako, mama yake Aiko, aliandamwa na swali la mtoto wa kiume mpaka akaugua. Mwaka 2004 kasri ilieleza hadharani kwamba ana ugonjwa unaotokana na msongo. Msichana gani wa leo aliyeyaona hayo ataingia huko kwa moyo mweupe?

Hisahito mwenyewe hana mlango wa kutokea. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo ya 1947 kinamruhusu dada yake Kako kuomba kuondoka kwa hiari yake. Kwa mwanamfalme wa daraja lake, hiari haitoshi. Ndoa yake lazima ipitishwe na baraza la watu 10 linaloongozwa na waziri mkuu. Akiwa na miaka 12, mtu aliingia shuleni akamwachia visu viwili kwenye dawati. Uvumi tu kwamba angeingia Chuo Kikuu cha Tokyo ulizua malalamiko yenye saini za maelfu. Akaenda Tsukuba, anasoma biolojia. Anapenda kereng'ende, na amechangia makala ya kisayansi kuhusu kereng'ende wa viwanja vya Akasaka, nyumbani kwao. Kijana wa namna hiyo angekuwa na maisha mazuri sana.

Wapo wanaotaka kuasili wanaume kutoka matawi 11 yaliyotolewa katika ukoo mwaka 1947. Sheria ya sasa inakataza kuasili, kwa hiyo nao wanataka kuibadili, tena kwa ajili ya watu ambao babu yao wa pamoja na Mfalme aliishi miaka 600 hivi iliyopita. Kati ya hao na binti wa Mfalme, sioni mgeni ni nani.

Hisahito anaweza kubaki palepale alipo kwenye foleni, wanawake wakaingizwa nyuma yake, na asipokonywe kitu. Badala yake, ripoti ya wataalamu wa serikali ya Desemba 2021 ilisema bado ni mapema kujadili nani atamfuata Hisahito. Suala hilo liangaliwe baadaye, kulingana na umri wake na ndoa yake. Alipoandikiwa hayo alikuwa na miaka 15.