Rangi Zile Hazikubandikwa

Nilikuwa namwonyesha rafiki yangu picha ya Nguzo za Uumbaji, ile iliyopigwa na Hubble, darubini iliyo angani, mwaka 1995. Akaitupia jicho mara moja. "Hizo wamezipaka rangi," akasema, akaendelea na mambo yake. Imeniuma, kwa sababu kauli hiyo humfungia mtu mlango wa maajabu huku akijiona ameerevuka.

Nguzo zile ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyo umbali wa miaka-nuru kama 6,500 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), na ndani yake nyota zinazaliwa. Hubble iliyapiga kupitia vichujio vitatu, kila kimoja kikipitisha mwanga wa gesi moja: salfa, hidrojeni, oksijeni. Sasa, mwanga wa salfa na wa hidrojeni waliounasa, wote ni mwekundu. Ukiuacha ulivyo, utaona wekundu juu ya wekundu na hutajua gesi ipi iko wapi. Ndiyo maana salfa ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kila doa linakueleza kilichopo pale. Uongo uko wapi hapo? Nayo darubini ya Webb, yenye kioo cha mita 6.5, hupokea zaidi mwanga wa infraredi, ambao jicho halikuumbwa kuuona. Mawimbi marefu hupewa nyekundu, mafupi buluu, kwa mpangilio ule ule wa upinde wa mvua, ila umesogezwa hadi tunapoufikia. Anayedai picha hizo zionyeshe tu kile ambacho jicho lingeona anadai karibu giza tupu.

Na kamera haijawahi kuwa jicho. Jicho haliwezi kuulimbikiza mwanga, kamera inaweza. Desemba 1995 Hubble ilielekezwa kwa siku 10 kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu. Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi iliyosimamia kazi za darubini hiyo, alitoa muda aliokuwa na mamlaka nao ingawa baadhi ya wanasayansi waliona anaupoteza bure. Zikatokea galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, kama 3,000. Mimi nikiitazama picha ile hadi leo nakosa la kusema.

Haya, nakubali shingo upande: wapo wanaokoleza rangi kupita kiasi ili watu washangae. Hata picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, aliyoipiga mwanaanga William Anders ndani ya chombo cha Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968, huwa tunaizungusha ili uso wa Mwezi ulale chini, wakati yeye aliuona umesimama ubavuni. Sawa. Dunia iliyomo ni ile ile.

Kosa la rafiki yangu, la kuhukumu kabla ya kuuliza sababu, nalikuta pia kwenye majengo ya asili. Watu hupiga picha miti iliyochomoza katika kuta za Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, wakaishia kusema ni mapambo. Jengo lililopo sasa ni la 1907, la matofali ya udongo, na mvua huumega udongo. Hivyo wakazi huukandika msikiti tope upya kila mwaka, na mafundi hupanda kwa kukanyaga miti hiyo hiyo. Ukuta ulijengwa ukijua utakarabatiwa! Vivyo hivyo vyumba virefu na vyembamba vya nyumba za mawe za Lamu: upana wake ulitokana na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari nzito ya mawe na chokaa. Mpiga picha anayelijua hilo atainua kamera kwenye boriti kwanza, kabla hajakimbilia vidaka vya ukutani.

Picha za Hubble na Webb zinazotolewa rasmi mara nyingi huambatana na maelezo ya vichujio vilivyotumika na rangi iliyopewa kila kimoja. Wala si siri. Anayetaka kuniambia zimepakwa rangi ayasome kwanza hayo, halafu tubishane.