Kumtafuta rafiki wa zamani mtandaoni: woga tunaoudhania kiburi

Wapo wanaoyaona makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma pamoja kuwa ni mahali pa michango na majigambo tu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu aliyekaa miaka mingi bila kukujulia hali anapojitokeza ghafla, mara nyingi salamu hufuatwa na kadi ya harusi ya bintiye au ombi la mkopo. Matapeli nao, wakishateka akaunti ya mmoja, huomba fedha kwa jina lake, na ndiyo maana ni busara kumpigia simu na kuisikia sauti yake kabla ya kutuma chochote.

Hata hivyo, wenye hoja hiyo husahau jinsi tulivyopoteana. Kwa waliosoma sekondari za bweni Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980, urafiki ulivuka mipaka ya mikoa: kijana wa Kagera alikaa bweni moja na wa Mtwara. Walipoachana, walibaki na anwani ya sanduku la posta, ambalo aghalabu lilikuwa la ofisi ya mzazi. Mzazi alipohamishwa au kustaafu, barua zilikosa wa kuzipokea, na kila mmoja akadhani ametupwa na mwenzake. Hawakugombana, njia ndiyo iliyokatika, na mitandao imeifungua tena.

Kwa nini basi wengi, hata baada ya kuiona namba ya mwenzao, hawaandiki? Mwaka 2024, Lara Aknin wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, na Gillian Sandstrom wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti unaostahili kutafakariwa. Washiriki walichagua rafiki waliyepotezana naye, ambaye wao wenyewe walitaka kuwasiliana naye, waliyeamini kwamba angefurahi, na ambaye walijua pa kumpata. Walipewa muda wa kuandika ujumbe na kuutuma. Chini ya theluthi moja ndio waliotuma. Takwimu hii inanisumbua, kwa sababu watu hao hawakukosa namba, nafasi wala nia. Ukimya wao, laiti ungepimwa na rafiki aliyekuwa akiwasubiri, ungeitwa maringo, nao wangehukumiwa kwamba wamejisahau.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba anayemjulia hali mwenzake huikadiria furaha ya mwenzake kuwa ndogo kuliko ilivyo, hasa pale salamu inapokuwa haikutarajiwa. Kwa hiyo hata yule anayerudi na habari za msiba au mchango, mimi simlaumu upesi. Huenda alikuwa akiitafuta sababu ya kuandika kwa muda mrefu, na msiba ukampa ruhusa ambayo hakuthubutu kujipa mwenyewe.

Pale ninapokubaliana kabisa na wakosoaji ni kuhusu orodha za waliochanga na wasiochanga zinazobandikwa mbele ya kundi zima. Aliyeanguka kimaisha huzisoma, huona aibu, kisha hujitoa kimyakimya, na hivyo anapotea mara ya pili mtu ambaye alihitaji zaidi kupatikana. Mtu kama huyo aandikiwe peke yake, aulizwe habari za nyumbani, na suala la fedha lisitajwe kabisa.