Dirisha la dawa liko mbali mno na kitanda cha dharura

Miaka saba niliyofanya ufamasia nyumbani nilikuwa mtu wa dirishani. Karatasi inaingia, dawa inatoka. Mgonjwa wa idara ya dharura nilimjua kwa jina lililoandikwa harakaharaka, na kwa muuguzi aliyekuja mbio, pumzi juu juu, akigonga kioo kwa pete. Sura yake sikuwahi kuiona. Kutoka stoo hadi chumba cha wagonjwa mahututi kulikuwa na korido mbili na ua wa kuvuka, na funguo zilikuwa kiunoni mwangu. Mwenye funguo haondoki.

Usiku mmoja muuguzi alikuja kuchukua fenitoini ya mtoto aliyekuwa akidegedeka. Nikampa. Robo saa baadaye akarudi: dripu imeziba, anaomba nyingine. Nikampa nyingine, nikaandika kwenye leja, nikakaa. Asubuhi ile dripu ya kwanza ililetwa stoo iandikwe kama dawa iliyoharibika. Niliinua ile chupa kwenye mwanga. Ndani ya maji ya glukosi zilikuwa zikielea chembe nyeupe, kama chumvi iliyogoma kuyeyuka.

Fenitoini haichanganywi na glukosi, ikikutana nayo inatengeneza chembechembe. Inataka salini, yaani maji ya chumvi ya dripu, tena iingie polepole. Hata kwa mtu mzima isizidi miligramu 50 kwa dakika, la sivyo presha inaporomoka na moyo unapoteza mpangilio. Mimi hayo niliyajua tangu chuoni. Muuguzi hakuyajua, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwambia. Swali moja tu, "mmeichanganya na nini?", lingetosha, na sikuliuliza. Mtoto alipona, kwa dawa nyingine. Ile chupa ya pili niliyoitoa bila kuuliza ndiyo iliyonibakia kichwani.

Sasa niko Uingereza. Kufika hapa nilirudi darasani mwaka mzima, nikafanya mwaka wa mazoezi, kisha mtihani wa usajili, mtu mzima na miaka yangu saba ya kazi naketi na vijana wa juzi. Sitalalamikia hilo leo, ingawa ningeweza. Ninachotaka kusema ni kwamba zamu yangu siku hizi naifanyia ndani ya idara ya dharura yenyewe, hatua tatu kutoka kitandani. Watu wa nyumbani nikiwaambia wananiuliza, "Kwa hiyo dirisha lenu liko humohumo?" Dirisha hakuna. Nimesimama tu, kama muuguzi, kama daktari.

Nifanye nini hapo? Chukua mgonjwa anayewekewa mpira wa kupumulia. Anapewa dawa mbili, moja ya kumlaza na nyingine ya kulegeza misuli. Rokuroniamu, ile ya kulegeza misuli, kwa dozi kubwa inayotumika kwenye dharura, inaweza kumfunga viungo saa nzima na zaidi. Ketamini iliyomlaza inaweza kuisha nguvu baada ya dakika kumi, ishirini. Piga hesabu mwenyewe. Hapo katikati kuna mtu aliye macho, anasikia kila neno, na hawezi hata kukunja kidole. Daktari yuko kwenye mpira, muuguzi yuko kwenye mashine, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kusahau. Kazi yangu ni kuhakikisha propofoli, dawa ya kumwendeleza usingizini, imeshavutwa kwenye bomba la sindano, imebandikwa jina, na iko mkononi mwa mtu kabla mpira haujafungwa plasta. Zamu moja tulichelewa. Mapigo ya moyo yalipanda hadi 140, tukadhani ni damu inapotea, mpaka nilipotazama uso wa yule mama nikaona chozi limetoka pembeni mwa jicho. Tangu siku hiyo nataja saa kwa sauti, hata kama hakuna aliyeniuliza.

Kuna na kazi zisizo na mbwembwe. Mzee amekuja anatapika, imeandikwa metoklopramidi, dawa ya kutapika ya kila siku. Namuuliza binti yake mzee anatumia dawa gani nyumbani, anasema za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na kipindi cha kumeza kimepita saa mbili zilizopita. Metoklopramidi kwa mgonjwa wa Parkinson inamkaza zaidi, na dawa zake mwenyewe zikichelewa anaweza kushindwa hata kumeza. Tunabadilisha, tunampa ondansetroni, tunatafuta vidonge vyake. Dakika tano. Hakuna aliyepiga makofi, na hata binti hakujua kwamba kuna jambo limetokea.

Au dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Tenekteplezi ya kiharusi ni miligramu 0.25 kwa kila kilo, isizidi 25. Ya mshtuko wa moyo dozi inafika 50. Dawa ileile, mgonjwa anaingia kwenye machela uleule, na mwenye kiharusi akipewa dozi ya moyo anaweza kuvuja damu ubongoni. Mtu wa kusema "subiri, huyu ni wa kichwa au wa moyo?" anapaswa kuwa chumbani. Kwa simu haifai.

Msinielewe vibaya, huku si peponi. Wagonjwa wanalala kwenye machela koridoni masaa mengi. Ninapotoka jioni hakuna mfamasia mwingine anayeingia kwenye nafasi yangu pale idarani, kana kwamba sumu na degedege vinafuata saa za ofisi. Usiku kuna wa kupigiwa simu, na wa simu naye yuko mbali na kitanda, tumerudi kulekule dirishani. Na makaratasi, sasa ni ya kompyuta, yanakula nusu ya siku.

Tena kuna mambo nyumbani tunayajua kuwapita. Siku alipoletwa msafiri mwenye malaria kali, idara nzima hakukuwa na aliyewahi kuchanganya artesuneti. Mimi nimechanganya nisizoweza kuhesabu: bikabonati kwanza, tikisa, ngoja iwe angavu kabisa, ndipo uongeze salini ya kuizimua, na uitumie ndani ya saa moja. Ikibaki na ukungu unaimwaga. Niliwaambia pia kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, siyo 2.4 ya wakubwa. Daktari bingwa akaandika kwenye kiganja chake.

Na sumu za viuatilifu je? Aliyekunywa dawa ya wadudu huku ni kisa cha kitabuni. Nyumbani ni kazi ya kawaida. Atropini, dawa ya kuzima sumu hiyo, unaanza na miligramu mbili au tatu, unarudufu dozi kila dakika tano mpaka kifua kikauke. Yaani ampuli za miligramu moja moja zinakwisha mbele ya macho. Daktari anatazama kifua, hana habari kwamba stoo zimebaki kumi na mbili. Anayejua zimebaki ngapi, na ni hospitali ipi ya kupigia simu kuazima, ni yule mtu wa dirishani, ambaye wakati huo hajui kwamba kuna mgonjwa wa sumu. Huu mgawanyo wa ujuzi ndio unaoniudhi kuliko kitu chochote.

Najua nitajibiwa nini: wafamasia hawatoshi. Kweli, hawatoshi. Lakini nami nilikuwepo, na nusu ya muda wangu nilikuwa nahesabu vidonge na kulinda kufuli, kazi ambayo mteknolojia wa dawa anaifanya vizuri, pengine kunizidi. Kilichonizuia kuvuka ule ua ni funguo, na ile hofu kwamba upungufu ukionekana kwenye leja atakayeulizwa ni mimi. Upungufu wa dawa una fomu yake. Dripu iliyoganda haikuwa na fomu, iliandikwa "imeharibika" ikaisha.

Kuna na heshima. Nyumbani nilishawahi kumwambia daktari dozi imezidi, akaniambia nishughulike na rafu zangu. Huku nimepewa hata haki ya kuandika dawa. Mfamasia aliyesomea hilo anaruhusiwa tangu 2006, na daktari anaponipinga ananipinga kwa hoja. Silaumu sana madaktari wetu. Mtu usiyemwona kitandani, sauti yake inafika kama ya karani. Ungesimama naye usiku mmoja wa ajali ya basi angekusikiliza mwenyewe.

Kwa hiyo sitaki kusikia habari za mashine za kutoa dawa na kompyuta kwanza. Mfamasia mmoja, kwa masaa manne ya jioni ambayo wagonjwa hufurika, asimame idara ya dharura bila funguo kiunoni. Hilo tu, tuanze.

Rafiki yangu niliyesoma naye amejaribu, kwa kibali cha mdomo cha mganga mkuu. Siku ya kwanza walimuuliza kama amekuja kukagua stoku. Siku ya pili alipewa kiti kibovu, akakaa. Juzi akanitumia ujumbe: muuguzi amemfuata na fenitoini mkononi, bado haijafunguliwa, akamwambia, "Dada, hii naichanganya na nini?"